Mimi wa Mahakamani, Mimi wa Kanisani

Siku waliyoniaga ofisini walinipa blanketi, keki, na hotuba ndefu kuhusu uadilifu. Aliyeisoma alifika akiwa amechelewa kwa sababu, alivyotuambia, alikuwa kwenye mkutano wa maombi. Baadaye nilisikia alikuwa kwa kinyozi. Naanza hapo ili nyinyi wadogo zangu mliobaki kazini mjue mapema kwamba haya si mahubiri. Nimekuwa mkalimani wa mahakama katika vilima hivi vyetu vya Nyamira tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na mahubiri niliyoyasikia kizimbani ni mengi kuliko ya kanisani.

Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Niliajiriwa kwa sababu nilikuwa nimefaulu Kiswahili shuleni na sikuona aibu kusema Ekegusii mbele ya watu. Nilidhani hayo yanatosha. Hakimu wa siku yangu ya kwanza alikuwa mtu wa Pwani, mpole, mwenye Kiswahili cha kupigiwa pasi, ambaye alikuwa amehamishiwa kwetu majuzi tu na bado alikuwa analalamikia baridi. Shahidi wa kwanza alikuwa kijana aliyepigwa na mjomba wake. Akaeleza kwamba vurugu zilipoanza, baba alikuwa jikoni anasonga ugali. Nami nikasema hivyohivyo: "Baba alikuwa jikoni anasonga ugali." Hakimu akaniangalia kidogo, akaandika. Kijana akaendelea, nami nikamfuata: "Baba hakuweza kukimbia kwa sababu alikuwa mjamzito."

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Bibi," akaniuliza taratibu, "huku kwenu mambo huwa hivi?"

Watu waliojaa kwenye viti vya nyuma walicheka hadi askari akagonga ukuta. Katika Ekegusii, kama mnavyojua nyinyi mliozaliwa huku, baba ni mama, na baba mwenyewe tunamwita tata. Nilikuwa nimelijua hilo tangu nijue kusema. Lakini hofu ya siku ya kwanza ilinifanya nilibebe neno kama lilivyo, kama mtu anayebeba mtoto wa jirani akidhani ni wake.

Aliyeniokoa ni Mzee Onsongo, mkalimani mkongwe aliyekuwa amebakisha muda mfupi astaafu. Mzee Onsongo hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa amebatizwa mara mbili, na mara mbili akafutwa kanisani, yote kwa ajili ya pombe ya busaa. Aliniita nje, akanipa kipande cha tangawizi.

"Tafuna. Koo likikauka utaanza kufupisha maneno ya watu, na hujaajiriwa kufupisha."

Akanionyesha pa kusimama, mahali ambapo naona mdomo wa shahidi bila kumziba hakimu. Akanifundisha kumwinulia shahidi mkono nikitaka anyamaze ili nimfikie, maana wazee wetu wakianza kueleza habari za shamba huanzia kwa babu wa babu. Kisha akanieleza jambo lililokuja kunitesa maisha yangu yote.

"Shahidi akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'. Usiseme 'anasema kwamba yeye'. Ukisema hivyo umejiweka katikati. Wewe hupo pale."

"Hata akisema ameiba?"

"Akisema ameiba, umeiba. Ukitoka nje utakuwa hujaiba tena."

Ilikuwa rahisi kwake kusema. Yeye hakuwa na Jumamosi ya kwenda kukaa na watu waliomsikia.

Mimi ni wa kanisa la Jumamosi, ambalo Sabato yake huanza Ijumaa jua likitua, na tangu hapo hakuna kushika kazi. Nililelewa humo, nikaolewa humo na Mwalimu Ombati wa shule ya msingi, na kwa muda mrefu nilikuwa kiongozi wa akina mama wa Dorkasi, wanaoshona nguo na kutembelea wagonjwa. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mama mmoja wa kikundi chetu alikuja mahakamani kwa kesi ya mwanawe. Akiwa anangoja, alinisikia nikisema kwa sauti kubwa na bila haya: "Mimi ndiye niliyepika ile pombe ya chang'aa. Nimekuwa nikipika tangu kabla sijaolewa, na sioni nitaacha." Mwenye maneno hayo alikuwa amesimama kizimbani palepale karibu nami, ana kilemba chekundu. Lakini mama yule hakungoja kuona hayo. Kufikia Sabato, Dorkasi walikuwa wamefunga kwa ajili yangu, na Mwalimu Ombati akanivuta kando nyuma ya kanisa.

"Mama Kerubo," akanong'ona, "unapikia wapi?"

Baadaye walielewa, au walisema wameelewa. Ila kila nilipotafsiri kesi ya uzinzi, watu fulani walinisalimu kwa ncha za vidole wiki nzima.

Sasa niwaambie kuhusu Biblia ya mahakama, ambayo ndiyo chombo changu cha kazi nilichokishika kuliko mwiko wa jikoni. Ilikuwa nyeusi, kingo zimelika, na jalada limelainika kwa jasho la mikono ya waongo. Nasema waongo bila chuki. Nilimkabidhi kila shahidi ile Biblia, akaiinua kwa mkono wa kulia, nikamwapisha, halafu nikasimama kusikiliza atakachofanya na kiapo chake. Wako walioishika kwa vidole viwili kama sufuria iliyotoka motoni. Wako waliobadilisha mkono nikigeuka, wakiamini kwamba kiapo cha mkono wa kushoto hakifiki mbinguni. Mkatoliki mmoja kutoka upande wa Magwagwa aliifungua kwanza, akaipekua, akanirudishia. Alisema hii yetu ina vitabu vichache kuliko ya kwao, na akataka hakimu aandike kwamba ameapa kwa Biblia pungufu. Nilijua palepale kwamba anapanga kutumia yale mapengo.

Siku hizi mna kesi za mtandaoni, na nimewahi kumwapisha mtu aliyekuwa kwenye simu katikati ya majani chai, Biblia mkononi, huku nyuma yake mtu akimuuliza kwa sauti walikubaliana aseme ilikuwa saa ngapi. Mambo yamebadilika lakini si sana.

Nilichojifunza ni kwamba walioiogopa Biblia hawakunisumbua. Mtu anayetetemeka akiishika, mara nyingi anasema ukweli nusu na kunyamaza nusu, na hakimu mwenye akili ataona. Walionisumbua ni wale walioizoea. Na hakuna mtu niliyemwona ameizoea Biblia kama Mzee Makori.

Mzee Makori alikuwa mzee wa kwanza wa kanisa letu. Ndiye aliyekaribisha wageni, aliyesoma matangazo, aliyejua nani hajaleta zaka na nani amevaa hereni. Alikuwa na shamba la chai kwenye mteremko, na pia alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule ya mume wangu. Jirani yake wa chini alikuwa Nyaboke, mjane, naye pia wa kanisa letu, mwanamke mwembamba mwenye ulimi ambao watu waliupisha njia. Kati ya mashamba yao kulikuwa na safu ya migomba ya Nyaboke, iliyopandwa na marehemu mumewe.

Nyaboke alikwenda kwenye matanga ya dada yake, akaondoka Alhamisi. Aliporudi Jumapili, migomba ilikuwa imelala chini yote, na mpaka ulikuwa umeshuka mteremko hatua kadhaa kuelekea mlangoni kwake. Hakulia. Alikwenda polisi akiwa bado na nguo za matanga. Jirani mmoja akasema alisikia mlio wa mapanga Jumamosi mchana. Mzee Makori akashtakiwa kwa kuharibu mali kwa makusudi, na kesi ikaja kwetu.

Kabla haijaanza kusikilizwa nilisimama nikamwambia hakimu kwamba mshtakiwa ni mzee wa kanisa langu na mlalamikaji ni mwanachama wa Dorkasi yangu, na kwamba ningependa mtu mwingine atafsiri. Wakati huo hakimu wetu alikuwa mwanamke kijana kutoka Ukambani, mkali wa saa, asiyejua hata salamu ya Ekegusii. Akaniuliza mkalimani mwingine yuko wapi. Alikuwa likizo ya uzazi. Basi akawauliza pande zote mbili kama wana neno nami.

Wakili wa Mzee Makori akainuka, akanitazama kwa upole wa mtu anayetazama mali yake. "Hatuna pingamizi kabisa. Tunamwamini mama huyu."

Nyaboke naye akaulizwa. "Huyo ni wetu," akasema, akitabasamu. "Atuhukumu, hata."

Hapo ndipo niliposhikwa na wasiwasi. Mahakamani, pande zote mbili zikikupenda, ujue kuna upande umekuelewa vibaya. Mara nyingine ni zote mbili.

Nyaboke alitoa ushahidi kwanza. Alieleza vizuri habari za migomba, mumewe na mpaka. Kisha wakili wa Mzee Makori akaanza kumchokoza, akimuuliza juu ya mbuzi. Alimchokoza hadi Nyaboke akasahau alipo. Akasema, na mimi nikasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ileile: "Ndiyo, mbuzi wangu niliwafungulia mimi mwenyewe wakala mahindi yake, na wangekuwa ng'ombe ningewafungulia pia. Yule ni fisi aliyefungwa tai." Upande wa akina Makori walishangilia kimyakimya. Hakimu akaandika yote, mbuzi na fisi na tai.

Nyaboke alinisubiri nje, karibu na wauza ndizi za kuchoma.

"Mama Kerubo, umenifanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Ya mbuzi ungeyaacha. Na lile la fisi, wewe hukujua ni hasira? Mtu na dadaye hawawezi hata kufunikiana?"

"Ulisema mbele ya hakimu, Nyaboke."

"Nilisema kwa Ekegusii!" Alinitazama kama mtu aliyeibiwa na mwenye nyumba aliyemkaribisha. "Kama ningetaka hakimu ajue, ningejifunza Kikamba."

Hakunisalimu tena hadi kesi ilipoisha. Nilikwenda nyumbani nikijiambia kwamba angalau upande mmoja sasa unajua mimi si wao. Upande wa pili haukuwa umeelewa hivyo. Wao walidhani nimemmaliza Nyaboke kwa makusudi, kwa ajili ya kanisa. Sabato iliyofuata niliombewa kwa jina.

Wiki ambayo Mzee Makori angejitetea, mchungaji alitutembelea nyumbani. Tulimkaribisha sebuleni, tukamwekea chai na viazi vitamu. Mwalimu Ombati alikaa ukingoni mwa kiti kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Dada," mchungaji akaanza, "sisi hatukuombi udanganye. Uongo ni dhambi."

"Amina," akasema mume wangu, haraka mno.

"Tunakuomba tu utafsiri kwa hekima."

"Hekima ya namna gani, Mchungaji?"

Akamenya kiazi taratibu. "Mzee wetu ni mtu wa moyo mwepesi. Anaweza akasema jambo lenye ncha. Wewe unalizungusha kidogo tu, ule upande butu ndio unatangulia."

"Likizungushwa hivyo linabaki lilelile?"

"Lilelile kabisa. Ila halichomi."

"Ya Nyaboke yalichoma."

"Yale," akasema mchungaji kwa huzuni ya kweli, "yalikuwa yake."

Aliomba kabla ya kuondoka, ombi refu lililomweleza Mungu mambo mengi ambayo kwa kweli alikuwa ananieleza mimi. Alipokwisha kutoka, mume wangu alikusanya vikombe mwenyewe, jambo ambalo hulifanya akiogopa.

"Bodi ya shule inakutana mwezi ujao," akasema akiwa jikoni. "Sisemi chochote. Nasema tu inakutana."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Na wewe utafanyaje?"

"Nitangoja nisikie atakachosema. Labda atasema ukweli mtupu tusumbuke bure."

Tulicheka wote wawili, kwa kuwa tulimjua mzee wetu. Ila nawaambia, wenzangu, siku zile sikulala vizuri. Nilimwomba Mungu Mzee Makori apate malaria, isiyo mbaya, ya kumlaza siku ya kesi tu, ili iahirishwe hadi yule mwenzangu arudi kutoka likizo. Lakini yule mzee alizidi kunawiri. Alipata hata suti mpya.

Siku yenyewe kanisa lilikuja lote. Kwaya, Dorkasi, mashemasi, wamevaa kama ni Sabato ingawa ilikuwa siku ya kazi na majani chai yalikuwa yanangoja kuchumwa. Walijaza viti vya nyuma, na waliokosa nafasi wakasimama madirishani. Nyaboke alikaa mbele peke yake.

Nilimpa Mzee Makori Biblia. Hakuishika kama watu wengine. Aliipokea kwa mikono miwili, akaibusu, akaiinua juu kama anayetaka kubatiza hewa, na kabla sijaanza kumwapisha akawa amekwisha kuapa mwenyewe, na kuongeza maneno ambayo sheria haikuyaomba. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na Kiingereza pia, lakini wakili wake alimshauri aseme Ekegusii ili aonekane mkulima wa kawaida. Nadhani ushauri ule wakili anaukumbuka hadi leo.

Alijitetea vizuri sana. Alieleza miaka yake ya utumishi, wagonjwa aliowatembelea, wajane aliowajengea. Aliposema wajane, Nyaboke alikohoa. Kuhusu migomba hakujua lolote, pengine ni upepo. Nikasema: "Mimi sijui lolote, pengine ni upepo." Hakimu akaandika upepo bila kubadilisha uso.

Kisha kiongozi wa mashtaka akasimama, afisa mmoja mnene kutoka Bonde la Ufa, naye pia hakujua neno la Ekegusii. Hakuwa na mengi. Alikuwa na yule jirani wa mapanga tu.

"Nakwambia, Mzee, kwamba siku ya Jumamosi mchana ulikuwa katika shamba la Nyaboke, na panga mkononi."

Nikayatafsiri kwa Ekegusii. Na nikaona uso wa Mzee Makori ukibadilika. Hakubadilika kama mtu aliyekamatwa, alibadilika kama mtu aliyetukaniwa mamake. Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Akasema kwa sauti ya mimbarani, kwa Ekegusii safi ambayo hata mtoto aliyekuwa dirishani aliielewa:

"Mimi? Sabato? Tangu nibatizwe sijashika panga siku ya Sabato! Ile migomba tulimaliza kuikata Ijumaa, jua likiwa bado juu!"

Mkiwa mmekaa kazini muda mrefu kama mimi, mtapata siku moja ya aina hii, na hakuna atakayewatayarisha. Chumba kizima kilikuwa kimesikia. Kwaya ilisikia, mashemasi walisikia, wakili alisikia, akafumba macho. Nyaboke alisikia, na mkono wake ukaenda mdomoni. Watu wawili tu hawakusikia kitu, hakimu na kiongozi wa mashtaka, na wote wawili walikuwa wananitazama mimi, wakingoja.

Nikageuka kidogo nikaona nyuso za wenzangu wa kanisa. Nimewaona wakiomba miaka mingi, wengine wakisinzia, wengine wakihesabu kofia. Sijawahi kuwaona wakiomba kwa dhati kama siku ile. Waliomba wote, macho wazi, na walichokuwa wanaomba ni mimi nidanganye.

Neno lenye upande butu lilikuwa karibu kabisa. "Kazi zangu nilizimaliza Ijumaa." Lilikuwa limeshajitengeneza lenyewe mdomoni, tamu, na karibu kweli. Nani angenishtaki? Lakini nilikuwa nimesema habari za mbuzi. Mbuzi wa Nyaboke nilikuwa nimewataja wazi, bila hata kufikiri, kwa sababu Nyaboke hakuwa na suti wala bodi. Kama leo ningepata hekima, tafsiri yangu ya siku ile ya mbuzi ilikuwa nini?

Nikavuta pumzi. Nikamtazama hakimu.

"Mimi? Sabato? Tangu nibatizwe sijashika panga siku ya Sabato. Ile migomba tulimaliza kuikata Ijumaa, jua likiwa bado juu."

Kalamu ya hakimu ilisimama, kisha ikaanza kukimbia.

Wakili akaruka. "Mheshimiwa! Mkalimani amekosea! Mteja wangu alisema kazi zake kwa jumla. Naomba jibu hilo lifutwe."

Hakimu akanitazama, mimi nikanyamaza, kwa sababu Mzee Onsongo alinifundisha kutojitetea. Basi akamgeukia mshtakiwa. "Mzee, rudia jibu lako. Polepole."

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Wakili alikuwa anamtazama kwa macho ya kusihi, hata mimi nilikuwa tayari kutafsiri uongo wake neno kwa neno, kwani nao ungekuwa wake. Lakini Mzee Makori alikuwa ametazama nyuma, akaona waumini wake wote wamekaa pale, na akaona jambo moja tu ambalo lazima lisibaki na shaka mioyoni mwao. Akaacha Ekegusii. Akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, ili asitegemee mtu:

"Mheshimiwa, mama huyu amesema sawa. Andika Ijumaa. Si Sabato. Ijumaa."

"Ulikata migomba ya mlalamikaji siku ya Ijumaa?"

"Kabla jua halijatua," akasema, akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika. "Hata vijana niliowaajiri niliwaharakisha."

Alipatikana na hatia. Aliamriwa kulipa fidia na kurudisha mpaka ulipokuwa, na akaonywa kwamba akirudia atalala ndani.

Sabato iliyofuata, kama kawaida, Mzee Makori alisoma matangazo. Alishukuru kanisa kwa kusimama naye wakati wa majaribu, na akaongeza kwamba adui alijaribu kumchafua kuhusu Sabato lakini ukweli ulijulikana. Watu wakasema amina. Kisha tangazo la mwisho likasema kwamba Dorkasi watapata kiongozi mpya, kwa sababu mama aliyekuwepo ana shughuli nyingi za kiserikali. Ndivyo nilivyojua kwamba nina shughuli nyingi.

Mchungaji alinieleza baadaye, kwa upole uleule, kwamba hakuna aliyesema nimekosea. "Lakini ulikuwa na nafasi, dada. Ulinyamaza kidogo kabla ya kusema. Sote tuliona ukinyamaza. Tukadhani Roho amekugusa."

Nilikuwa na jibu, ila halikuwa na upande butu.

Mume wangu alihamishiwa shule ya mbali, kando ya Kiogoro, na akawa anadamka gizani. Alilalamikia barabara, alilalamikia chai ya huko, lakini kwa habari ya kesi hakunilaumu hata siku moja. Mara moja tu, akifunga viatu, aliniambia, "Ningekuwa mimi pale mbele ningesema 'kazi zangu'." Akafunga kiatu cha pili. "Ndiyo maana mimi nafundisha hesabu."

Nyaboke alikuja nyumbani kwangu baada ya kurudishiwa mpaka wake. Hakuniletea zawadi wala shukrani. Alisimama mlangoni akaniambia kwamba bado ana kinyongo kuhusu mbuzi, lakini amefikiri, na ameona kwamba kama ningefunika ya mbuzi, yule fisi naye angedai afunikwe. Kisha akaingia, tukanywa chai, akamsema mchungaji hadi jioni. Hapo hakuna aliyenilipa kutafsiri, kwa hiyo nayaacha hukohuko.

Nilirudi kanisani kila Sabato, nikakaa kiti cha katikati. Watu wameniuliza kwa nini sikuhama. Ningehamia wapi? Wale wa Jumapili nao nimewaapisha.

Miaka ikapita hivyo. Mkalimani mpya aliletwa kabla sijaondoka, binti mmoja aitwaye Kemunto, nikamfundisha nilivyofundishwa, tangawizi na "mimi" na kadhalika. Nikastaafu. Nikadhani nimemalizana na kizimba.

Mwezi uliopita, asubuhi, Mzee Makori alikuja kwangu. Amezeeka, suti imekuwa kubwa kuliko mtu. Nilimkaribisha, nikampa chai. Alizunguka kwa salamu na afya na mvua, hadi nikajua ana jambo. Hatimaye akasema. Mpwa wake, ambaye sasa ndiye mzee wa kwanza wa kanisa, ameweka ua kwenye njia yake ya mtoni, na ameshikilia kwamba ndiyo mpaka. Kesi inatajwa karibuni.

"Ana maneno matamu yule," akasema. "Na kanisa lote liko naye. Wanakuja wote, hata kwaya." Nikaona kwamba amedhulumiwa kweli, na kwamba hajui hata mtu aketi vipi akidhulumiwa. "Nimekuja kwako, Mama Kerubo. Nataka mkalimani atakayesema maneno yangu kama nilivyoyasema. Asipunguze. Asipakae sukari ya mtu."

"Mimi nimestaafu, Mzee."

"Hawawezi kukuita?"

"Hawawezi. Lakini yuko Kemunto. Nimemfundisha mwenyewe. Atasema kila neno lako, na kila neno la mpwa wako."

Alishusha pumzi, uso ukamlegea, kwa mara ya kwanza akaegemea kiti. Kisha akainama kuelekea kwangu.

"Ni wa kanisa gani?"

"Sijui, Mzee. Sikuwahi kumuuliza."

Alikunywa chai yake yote, akafikiri, akaweka kikombe mezani.

"Ungemuuliza," akasema.